Marangu ya Desemba na Marangu ya miezi kumi na moja

Wadau, kila ikifika katikati ya Desemba stori ni ile ile. Mabasi ya Moshi na Rombo yamejaa, nauli imepaa, Himo foleni, na huko Dar watu wanaulizana watanunua wapi sukari maana Mangi kafunga duka. Tunacheka, tunapita. Leo naomba tuiangalie safari hii kwa macho ya wale tunaowakuta kule juu. Nachukua Marangu kwa sababu ndiko ninakokufahamu kuliko Machame au Kibosho.

Kwa asiyepajua: unatoka Moshi njia ya Holili, ukifika Himo unakunja kushoto, unapandisha hadi Marangu Mtoni. Ukizidi kupanda unakuta geti la KINAPA. Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 alianzia safari huku huku, kwa Mangi Marealle, na tangu hapo dunia inaijua Marangu kama mlango wa mlima. Mwenyeji ukimwuliza Marangu ni nini atakuonyesha kihamba: nyumba, migomba, kahawa chini ya migomba, miti mirefu juu yake, ng'ombe zizini, makaburi ya wazee, na mfongo unaopita pembeni ukileta maji kutoka kijito cha juu.

Kimila kihamba hakiuzwi ovyo. Mtoto wa kwanza hupewa chake, kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi, wa katikati wakatafute mbele ya safari. Ndiyo maana Mchagga utamkuta Tunduma, Mwanza, hata Songea anauza spea. Wanasema tunapenda hela. Sawa, lakini ardhi nayo ilikwisha mapema jamani! Kihamba kikigawanywa vizazi vitatu kinabaki cha kujenga nyumba moja na kuzikia.

Sensa inaonyesha. Mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087 mwaka 2012, na 1,861,934 mwaka 2022. Ongezeko la asilimia 13 na ushee kwa miaka 10, wakati nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 37. Watoto wanazaliwa, wanasoma, wanaondoka.

Kahawa nayo ilichangia. KNCU, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilijenga jina la mkoa huu, na kuna wazee wengi waliosomesha kwa kahawa. Halafu makubaliano ya dunia ya kupanga mauzo ya kahawa yakavunjika mwaka 1989, bei ikaanguka, na kijana mwenye akili timamu akaona heri akauze duka Kariakoo. Simlaumu hata kidogo.

Ninachotaka tukizungumze ni mfongo. Mifongo ilichimbwa na koo, ikatunzwa na koo. Siku ya kazi ikitangazwa kila nyumba inayotumia maji inatoa mtu na jembe, na asiyefika anatozwa faini. Hakukuwa na mradi wala mfadhili. Sasa niambieni, nyumba yenye bibi wa miaka 78 na mjukuu wa darasa la tatu itamtoa nani? Mabomba yalipokuja wengi wakaona mfongo wa nini tena. Ila maji ya bomba ni ya kunywa na kupikia, huwezi kumwagilia migomba kiangazi kizima kwa bili ile. Kwingine ukuta wa nyumba mpya umejengwa juu ya mfongo wenyewe, na waliokuwa chini wamebaki na mtaro mkavu.

Kila mwaka tunalia na theluji ya Kibo. Inapungua kweli, lakini maji mengi ya mito ya huku yanatokana na mvua inayodakwa na msitu. Na msitu una kesi yake. Ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa enzi za mkoloni ili wanavijiji wapate kuni na majani ya ng'ombe, uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Nia ilikuwa kuulinda, naielewa. Lakini mzigo ukaangukia kichwani kwa yule yule mama, anayeshuka tambarare kutafuta majani na kupandisha nayo mlima.

Sasa turudi Desemba. Kwa sheria zetu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wenye miaka 18 na kuendelea. Mkazi ni anayeishi pale. Lakini mambo mazito ya vihamba, nani auze, kahawa ing'olewe, ukuta upite wapi, huamuliwa kati ya Krismasi na mwaka mpya, kwenye mbege na ndafu, na watu ambao tarehe 3 Januari wako stendi. Anayechota maji na kukata majani mwaka mzima yuko jikoni anageuza machalari. Akiwa binti aliyerudi kumtunza mama yake ndiyo kabisa, ataambiwa hana kihamba, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi.

Hela ya Desemba naiheshimu, imejenga makanisa na madarasa mengi. Ila mara nyingi inakwenda kwenye kinachoonekana barabarani. Sijasikia mchango wa harusi au wa mnara wa kanisa ukikwama, ila wa kulipa vijana wa pale pale wazibue mfongo miezi ya kiangazi, huo hata kamati hauna.

Wa Marangu, Mamba na Kilema, nijibuni hapo chini: mfongo wa kwenu bado unatiririka? Na siku ya kuuzibua, nani anatokea?