Nambari Isiyo na Kwao

Siku moja ya soko Mutomo nilikuwa kwenye benchi la duka la M-Pesa, nikisubiri simu yangu ichaji, susu (bibi mzee) mmoja alipoingia na kabambe, simu ndogo ya vitufe, iliyofungwa raba ili betri isidondoke. Taa yake ya sola, ile ya lipa mdogo mdogo, ilikuwa imejizima tangu juzi. Pesa alikuwa ametuma na ujumbe wa M-Pesa alikuwa nao, ila mtambo wa kampuni haukuwa na habari. Kijana wa duka akamwekea kredo ya ishirini, akapiga nambari iliyobandikwa ubavuni mwa betri, akaweka spika. Karibu. Kwa Kiswahili, bonyeza mbili. Muziki. Simu yako ni muhimu kwetu. Muziki tena. Kredo ikakatika kabla binadamu hajasema lolote.

“Susu, tuongeze nyingine?”

Susu akaitazama ile simu. “Hawa wanaoimba, wanalipwa na nani?”

Kijana akacheka. Mimi sikucheka sana, maana jibu nilikuwa nalo: wanalipwa naye.

Zamani nambari ilikuwa na kwao. Ukiona 044 ulijua simu iko Ukambani, Machakos au Kitui, Mwingi au Makueni, na 020 ni Nairobi. Ungali unaweza kuiona 044 kwenye vibao vilivyofifia rangi. Nyuma ya nambari kulikuwa na meza, na nyuma ya meza mtu ambaye ungeweza kumfuata kwa matatu ukimkosa hewani. Leo benki, bima, duka la mtandaoni na muuza sola wote wana 0703, 0709, 0711 au 0730, nyingi zikiishia na sufuri tatu. Hazikwambii ofisi iko wapi. Huenda iko Westlands, huenda ni vijana wenye vipokea sauti masikioni waliokodiwa na kampuni nyingine kabisa. Kwa mtu wa Mutomo au Kathonzweni, nambari hiyo ndiyo ofisi yenyewe. Hakuna mlango mwingine.

Wengi hudhani nambari hizi zina bei ya kuruka. Kwa kawaida sivyo. Dakika yake ni ile ile ya kumpigia shemeji. Uingereza ndiko walikougua ugonjwa wa bei. Huko nambari zinazoanza na 084 na 087 zilimpa mwenye biashara fungu la pesa ya mpigaji, hata ikawa kulalamika ni mapato ya anayelalamikiwa. Juni 2014 sheria ikaagiza kwamba mteja aliyekwisha kununua asitozwe zaidi ya bei ya kawaida akipigia kampuni kuhusu alichonunua, na Julai 2015 simu za 0800 zikawa bure hata kutoka kwa simu ya mkononi. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya nayo ikasema vivyo hivyo kuhusu simu za wateja.

Ugonjwa wetu ni wa muda. Tuseme dakika ni shilingi 4 na nusu. Ukingoja dakika kumi na moja kisha ukahudumiwa kwa mbili, umelipa karibu shilingi 60, na takriban 50 kati ya hizo umenunulia muziki. Anayengoja kwa kredo ya Okoa Jahazi ameikopa kwa makato ya asilimia 10, kwa hiyo muziki ule anausikiliza kwa mkopo. Na hapo serikali nayo inakula. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ushuru wa huduma za simu kutoka asilimia 20 hadi 15, lakini juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Ukizipiga hesabu, karibu robo ya kila shilingi ya kredo ni kodi. Sijui kama kuna nchi iliyowahi kuketi na kuamua kutoza kodi kusubiri, lakini sisi tunaitoza.

Kampuni zitasema laini ya bure ni gharama, na inavuta wapigaji wa mzaha. Hilo la mzaha ni kweli. Wanaoendesha laini za bure wanalijua vyema, watoto wakitoka shule na simu ya mama iko mezani. Hata hivyo 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia hazijafungwa kwa sababu hiyo, na mamlaka ya bima ya afya, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 iliwapa wanachama 147 bila malipo. Kuhusu gharama, Machi 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliweka ada ambayo mtandao mmoja hulipa mwingine kwa kupokea simu kuwa senti 41 kwa dakika. Kubeba sauti kutoka Kyuso hadi Nairobi hakufilisi mtu. Kinachogharimu ni mshahara wa anayejibu, na kampuni ikiajiri wanne pale panapohitaji kumi, wale sita waliokosekana wanalipiwa na wanaongoja.

Hiyo ndiyo sababu sidai kila laini iwe bure. Duka la vipuri Emali halina uwezo huo, na sioni kwa nini lilazimishwe. Ninachodai ni kwamba foleni isiwe na bei. Ujerumani imefanya hivyo tangu Juni 2013 kwa nambari zake za kulipia: saa ya pesa huanza kuhesabu mtu anapojibu. Na kama kiufundi hilo ni gumu kwetu, tuna dawa yetu tuliyoizoea kuliko Wajerumani. Kuflashi.

Hakuna mtu Kitui asiyejua maana ya simu inayolia mara moja na kukatika. Mtoto wa chuo akimflashi baba, baba anapiga. Mwenye nacho ndiye anayepiga. Haya si mambo ya sheria, ni adabu tu. Mtambo wa kampuni huiona nambari ya mpigaji kabla hata haujaanza kuimba. Ungeweza kusema, tumekuona, kata, tutakupigia ndani ya saa moja. Programu za kufanya hivyo zipo, na dakika zile kampuni huzinunua kwa bei nafuu ambayo susu hataiona maishani.

Tangu 2019 Safaricom ina huduma ya kuweka # mbele ya nambari ili anayepigiwa ndiye alipe. Niliwahi kuijaribu kwa kampuni moja, nisiyoitaja. Anayepigiwa hutakiwa kukubali kwanza, na pale hakukuwa na mtu, kulikuwa na mashine. Mashine haikubali kulipa.

Kuna wanaoniambia mambo yamehamia WhatsApp. Yamehamia kwa wenye simu za kupangusa. Kabambe haina WhatsApp, na taa ya mkopo huuzwa zaidi kwa mwenye kabambe.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayogawa nambari hizi, hivyo inaweza kuweka sharti: ukitumia nambari kama ofisi yako, kungoja ni juu yako. Lakini si lazima tusubiri Nairobi. Kampuni za maji za kaunti, KITWASCO ya Kitui na WOWASCO ya Wote, zinaweza kuanza na sheria ndogo tu ya ndani: aliyeflashi kuripoti bomba lililopasuka apigiwe. Yeye ndiye anayewaokolea maji.

Pale dukani, kijana hakuweka ishirini ya pili. Alimuuliza susu nani alimuuzia hiyo taa. Ajenti mmoja wa Ikutha, akasema, na jina lake lilikuwa kwenye daftari. Kijana akamflashi. Simu ikarudi kabla hajaiweka mezani, na sauti iliyochoka kidogo ikasema, “Nisomee ule msimbo wa M-Pesa, polepole.”