Kabla Hujakubali Kwamba Injini Imekufa

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita nilitania kwamba gari la baba yangu lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu, mkacheka. Ila sikuwaambia kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo nilikaribia kumlazimisha aliuze kama chuma chakavu, na kwamba kosa lingekuwa langu. Leo nalisema.

Baba ana miaka 71, yuko hapa Leicester, na gari lake ni la mwaka 2004. Kazi yake kubwa siku hizi ni kumpeleka mama kliniki ya figo mara tatu kwa wiki, maili mbili kwenda na mbili kurudi. Siku moja ile taa nyekundu ya oili, yenye umbo la birika, ikaanza kuwaka na kuzima kila akisimama kwenye foleni. Injini nayo ikaanza kelele. Akanipigia simu: "Mwanangu, inalia taka-taka juu. Chini haigongi."

Tukaenda gereji. Pale kaunta mkalimani nikawa mimi, kama kawaida yangu tangu nina miaka tisa. Nikamwambia fundi kwa Kiingereza: gari lina kelele na taa ya oili inawaka. Basi. Fundi akasikiliza kama dakika moja, akatazama maili, akasema injini imekwisha, kuitengeneza ni pauni 2,400, bora mtafute gari jingine. Hakufunga kipimo chochote. Na mimi na digrii yangu nikamgeukia mzee: "Baba, hili limekufa." Akanyamaza. Njiani aliniuliza swali moja tu: "Ulimwambia kwamba chini haigongi?"

Sikumwambia. Nilidhani ni maneno ya kizee tu. Kumbe lile lilikuwa nusu ya jibu.

Sauti za injini si kelele moja. Taka-taka nyepesi ya haraka huko juu mara nyingi ni tapeti na sehemu za valvu. Oili hufika kule mwisho wa safari yake, kwa hiyo ikipungua nguvu, kule ndiko kunakolia kwanza. Mgongo mzito wa chini, ngo-ngo-ngo, unaozidi ukikanyaga mafuta, huo ni wa kuogopa: huenda beringi za konrodi au za krankshafti zimelika. Ukiusikia huo, zima gari, ita gari la kuvuta. Baba aliendesha malori Tanga kabla ya kuja huku, na alishaweka bisibisi ndefu sikioni, ncha kwenye injini, akasikiliza juu na chini. Mimi nikayakusanya yote hayo katika neno moja: kelele.

Lakini sikio peke yake halitoshi. Taa ile nayo si kipimo. Ni swichi tu, na kwenye magari mengi huwaka presha ikiwa imeshashuka hadi kama 0.3 au 0.5 bar. Ikiwaka, ama presha imeshuka vibaya, ama swichi yenyewe ni mbovu. Huwezi kujua ni lipi bila kupima.

Nikanunua geji ya presha ya oili kwa pauni 25. Gari likawa limeegeshwa muda wote huo, mama akawa anakwenda na teksi. Jumamosi tukaangalia kijiti kwanza: oili ipo, ila nyeusi tii. Tukafungua swichi ya taa, tukafunga geji mahali pake, injini ikapata moto kwa dakika chache. Ikiunguruma bila kukanyagwa, 0.4 bar. Kwenye mizunguko 3,000 ikapanda hadi 1.5, halafu ikaanza kushuka wakati mguu bado uko palepale.

Huko kushuka kulituambia mengi. Beringi zikilika, presha huwa ndogo chini lakini kwa kawaida hupanda kadiri injini inavyozunguka. Ikipanda kisha ikaporomoka, huenda pampu inavuta na haipati cha kuvuta. Tukapasua filta kuukuu kutafuta chembe za chuma zinazometa. Hakuna. Fundi mwingine akashusha sampu, na chujio lililo mdomoni mwa bomba la pampu lilikuwa limezibwa na tope la oili. Chujio jipya, oili, filta na kazi: pauni 260. Geji ikasoma 1.3 chini na 3.6 juu. Taka-taka ikaisha siku hiyohiyo.

Na tusimfanye baba malaika. Tope lile alilifuga mwenyewe. Safari fupi za kliniki haziipi injini nafasi ya kupata moto vizuri, maji na petroli vinabaki ndani ya oili, naye alikuwa hajaibadilisha kwa miaka miwili. Tena dawa yake ya kwanza ilikuwa kutaka kumwaga oili nzito, ile waliyozoea zamani. Oili nzito inaweza kupandisha presha na kuzima taa, ila kwenye chujio lililoziba inapita kwa shida zaidi, hasa asubuhi ya baridi. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Najua wengine mtasema: gari la miaka ishirini, ya nini kujisumbua? Sawa, kuna injini zimekufa kweli, na geji ingetuambia hivyo pia. Hapo ungeliuza kwa moyo mweupe. Ninachokataa ni hukumu bila kipimo, kwa sababu gari ni zee na mwenye gari ni mzee.

Kwa hiyo ukienda gereji na mzazi wako, uliza swali moja: mmepima presha kwa geji, na imesoma ngapi, ya moto, chini na juu? Halafu linganisha na kitabu cha gari. Na ukitafsiri, tafsiri yote. Akisema inalia juu, sema juu. Akisema haigongi chini, sema hivyohivyo, hata kama wewe mwenyewe hujui maana yake. Fundi anaweza kujua.

Jumatatu baba alimpeleka mama kliniki. Mimi nilikaa nyuma, redio imezimwa. Tulipofika kwenye taa za barabarani akasimama, akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza. Safari hii na mimi nikasikiliza.