Redio Ikibadili Jina, Isiache Kazi

Wenzangu wengi bwenini husema kwamba redio ya taifa ni redio ya wazee, na kwamba stesheni njema ni ile ipigayo muziki kutwa. Mimi sikubaliani nao, na naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu.

Redio hiyo imepitia mikono mingi. Ilianza mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 ikafanywa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation. Mwaka 1965 Serikali huru ikalivunja shirika hilo na kuitia redio wizarani, ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 2002 ikaunganishwa na televisheni ya taifa, ikaitwa TUT. Na kwa amri ya mwaka 2007 ikawa TBC. Kila mwenye redio alikuja na shauri lake, na vipindi vikafuata shauri hilo.

Kwa maoni yangu, kazi yake bora kupita zote ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikutana kwa vikundi. Kwa majuma 12 walisikiliza kipindi, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba zao.

Pengine mtu atasema kwamba siku zile redio ilikuwa moja tu, na msikilizaji hakuwa na la kuchagua. Ni kweli. Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu redio za watu binafsi, na uhuru huo ni mwema; nisingependa uondolewe. Lakini mfanyabiashara hulipia matangazo penye mpira na nyimbo. Ni nani atakayelipia choo cha kijiji? Hapo ndipo redio ya umma ina wajibu wake.

Basi, namwomba Mwalimu Mkuu aturuhusu jioni moja kila juma tusikilize bwaloni kipindi cha maarifa. Kila meza iwe kikundi chenye kiongozi, tujadiliane nusu saa. Kisha tuwaandikie watangazaji barua, tuwaeleze lililotufaa na lisilotufaa. Wazazi nao wafanye vivyo hivyo, kwa maana mwenye redio asiyepata barua hudhani wote wameridhika.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne