Bi harusi, usikubali kuharakishwa na kaa



Leo nina jambo ambalo huenda somo wako hakukwambia. Tunafundishwa singo, liwa, kufukiza udi, kutandaza asumini kitandani na namna ya kumpokea mume anaporudi. Vyote vizuri. Lakini siku utakayoletewa kaa sita wamefungwa kamba, na ukweni kwenyewe bado mgeni, udi hautakusaidia kitu.

Yalinifika mimi. Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu niolewe. Wakaletwa kaa wakubwa wa mikokoni, saa nne asubuhi, na wageni wanakuja baada ya Adhuhuri. Nikataka waone kuwa huyu waliyemuoza kijana wao anajua kazi. Nikawachemsha, nikawaepua, na bado wa moto nikawatwanga kwa mchi. Nyama nikaitia kwenye mchuzi wa nazi. Rangi yake mashallah, harufu mpaka barazani. Bibi yake mume wangu, mzee wa meno ya kuhesabu, alipotia tonge la pili akasita. Akatoa kipande cha gamba mdomoni, akakiweka pembeni mwa sahani. Baadaye kidogo akatoa chengine, na hiki kilikuwa na damu. Hakusema neno, wala mavyaa wangu hakusema. Ila kwa miaka miwili nyumba ile sikukabidhiwa kaa tena.

Muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa kutochambua vizuri. Sasa nasema kosa lilianza kwenye ule mchi. Ukimvunja kaa taratibu kwenye viungo, gamba linatoka vipande vikubwa unavyoviona. Ukimtwanga, linapasuka kama gilasi na chembe zake zinazama ndani ya nyama. Tena kaa wa moto nyama yake imeng'ang'ania gamba. Muache apoe kabisa, nyama inakaza na kuachia wenyewe.

Kwa hiyo mimi sasa namchemsha jioni ikiwa nampika kesho, anakaa kwenye friji usiku. Asubuhi navua gamba la mgongoni, natoa yale kama manyoya ya kijivu ubavuni, hayaliwi. Miguu na magando nayakata kwenye kiungo. Gando nalipiga mara moja tu kwa mgongo wa kisu, lipate ufa, halafu nalifungua kwa vidole. Humo ndani kuna kibapa chembamba, cheupe, kimejificha katikati ya nyama, na wengi wanakisahau kwa sababu rangi yake ni ile ile ya nyama. Kiwili nacho kina kuta nyembamba kama vyumba vya asali. Hizo usizibonyeze. Pasua kiwili mara mbili, toa nyama chumba kwa chumba kwa ncha ya kisu au kijiti.

Ukimaliza hapo ndiyo nusu ya kazi. Chukua sinia la bati, kaa penye mwanga wa dirisha, tandaza nyama kidogo kidogo. Pitisha ncha za vidole bila kuisugua, maana ukiisugua inakuwa uji. Jicho hudanganyika, kidole hakidanganyiki. Kisha iangushe kwa chembechembe kwenye sinia tupu na usikilize: nyama haina sauti, gamba linalia. Rudia tena mara ya pili, na ukiweza mpe mwengine arudie yeye, kwa sababu mkono uliochoka hauhisi. Na tafadhali usiioshe kwa maji ukidhani unasafisha. Gamba litabaki, utamu utaondoka.

Najua kuna watakaosema, shoga umezidi, kaa ni kaa, mlaji atatema mwenyewe. Nakubali akiwa amepikwa mzima na magando yake. Hapo kila mtu anavunja wa kwake na anajua anachokitia mdomoni. Lakini ukishamtoa gambani ukamtia kwenye mchuzi, au kwenye sambusa za futari, umemwambia mlaji atafune bila hofu. Hiyo ni amana. Na sambusa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu manda yenyewe inalia mdomoni, gamba linapita bila kujulikana mpaka limchome mtoto kooni.

(Kabla hamjaniandikia: ndiyo, najua wapo miongoni mwetu wasiomla kaa kabisa, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamekhitalifiana juu yake. Muulize shekhe wako. Na kama wakwe zako hawamli, hii si vita yako.)

Huko Maryland, Marekani, wapo wanawake ambao kazi yao ya kila siku ni kuchambua kaa kwa kisu kidogo. Wana vidole vyepesi kuliko mimi na wewe, na bado mapishi ya kule hukwambia uipitie nyama tena kabla ya kuipika. Sasa sisi tunamtaka mwali wa wiki tatu aifanye peke yake, saa mbili kabla ya wageni, huku mawifi wamekaa ukumbini na simu! Likitokea gamba moja, jina linalotajwa ni lake.

Zamani mama zetu walikaa mkekani watatu wanne na ungo za mchele, wakichagua mawe na kuzungumza. Mchele siku hizi unakuja msafi, na ule mkeka tumeukunja. Kaa bado hajaja msafi. Nyumba inayomtaka ilete na mikono ya kumchambua, na mume pia ana vidole, jamani. Bi harusi, sema kwa adabu, "Mama, njooni tukae pamoja, mimi peke yangu sitawahi." Si ulegevu huo.

Na ikiwa wote wana kazi, na kaa wameletwa saa nne, na wageni ni baada ya Adhuhuri, wachemshe uwaweke kwa ajili ya kesho. Leo pika changu.