Umeosha Juu, Chini Je?

Wengi wenu najua mlikwenda nyumbani kwa sikukuu, mkarudi mfuko umetoboka na gari limechoka. Basi leo tuongee kuhusu kuosha gari. Usifunue ukurasa wa mbele, dada, haya siyo mambo ya akina baba peke yao. Na mimi nilidhani hivyo mpaka Desemba iliyopita, pale Musoma.

Mume wangu analipenda gari letu kupita maelezo. Kila Jumamosi, kabla hata ya chai, yuko nje na ndoo, sifongo na redio. Anaanza na boneti, anamalizia na ringi. Majirani zetu Dar wanamtania kwamba kuna siku atalipaka losheni. Nami nilikuwa najisikia raha kumwangalia. Mwanaume anayetunza gari namna hii, atashindwaje kunitunza mimi?

Krismasi tukapakia watoto wetu wawili, safari ya Mara. Ni zaidi ya kilomita 1,200: Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, halafu Bunda kwa wakwe zangu. Kama unaijua Bunda wakati wa mvua, umeshanielewa. Kwenye lami mambo shwari kabisa. Chepuka sasa kwenda kwa shangazi mtu, ukutane na ule udongo mweusi wa mbuga! Ukiwa mkavu unapasuka nyufa, ukilowa unakuwa kama ugali wa muhogo, unang'ang'ania kila unachogusa. Tulinasa mara mbili. Vijana wakatusukuma, tukawaachia ya soda, tukaendelea.

Siku tatu baadaye tukaenda Butiama kwa mama yangu. Jua lilikuwa limerudi. Watoto tukawapeleka Mwitongo kuona kaburi la Mwalimu Nyerere, na katika kuzunguka huko vumbi likaja kukaa juu ya tope la Bunda. Kwetu mama hataniani na mkwe wake, kwa hiyo utani wote ukaniangukia mimi: "Mwanangu, hilo mlilokuja nalo ni gari au kichuguu?" Mume wangu akajifanya hajasikia, lakini nilimwona. Usiku ule hakulala vizuri.

Asubuhi tukashuka Musoma. Hata chai hakutaka, akaelekea moja kwa moja ufukweni. Kulikuwa na gari limeshazama nusu ya magurudumu ndani ya ziwa, povu limetapakaa kote. Vijana wakatukimbilia. "Bosi, shusha humu, dakika 20 tu linang'aa!"

Nikamwambia, "Baba, hapana."

"Acha hizo, mama watoto. Kila mtu anaosha hapa."

Nikamwuliza sato aliyekula jana anadhani alitoka wapi. Na maji ya bomba ya Musoma je, si yanatoka ziwa hili hili? Oili, grisi na sabuni zote zinabaki humo. Halafu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Akanuna, lakini akageuza gari.

Tukapata sehemu ya kuoshea magari huko Nyasho, yenye mashine ya presha na daraja la kupandishia gari. Kijana wa pale akauliza, "Tuoshe na chini?"

Mume wangu akawahi kujibu, "Hapana, juu tu."

Nilishangaa. Tope lote la Bunda liko chini, na mtu mwenyewe ni huyu asiyevumilia hata alama ya kidole kwenye kioo! Nikasema, "Osha na chini, kaka. Nalipa mimi."

Yakaanza kudondoka mabonge ya tope. Baadaye yakafuata magamba ya rangi nyeusi, na nyuma ya rangi yakaja magamba ya kutu, makubwa kama vigae. Kijana akazima mashine. "Mama, hebu njoo uone." Karibu na gurudumu la nyuma kulikuwa na kibomba chembamba kimeliwa na kutu, kimelowa, na kile kimiminika hakikuwa maji. Akaitwa fundi wa gereji ya jirani. Akakigusa kwa kidole, akanusa, akatikisa kichwa. Oili ya breki.

"Mmetoka nalo wapi hili?"

"Dar."

Fundi akawatazama watoto wangu waliokuwa wanagombania soda chini ya mwembe, halafu akanitazama mimi. Hakusema neno, na hakukuwa na haja. Nikakaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa pale kwa sababu miguu ilikuwa imeisha nguvu.

Alipopata kauli akatueleza kwamba kutu ile siyo ya Bunda. "Hili limetembea kwenye theluji huko Japani. Wakalipiga rangi nyeusi chini, wakaliuza." Nikamgeukia mume wangu, nikitegemea atawaka kwa hasira. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nilijua," akasema. Fundi wake wa Dar alimwambia wiki ile ile gari lilipotoka bandarini. Hela ilikuwa imeshalipwa, mimi nimeshawatangazia ndugu wote, akaona aibu kuniambia. Akasema atarekebisha mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miaka miwili. Na kila Jumamosi ya miaka hiyo miwili alikuwa anaosha juu.

Sikupiga kelele. Ningepiga labda ingekuwa nafuu kwake.

Usiku nikampigia kaka yangu anayeishi Minneapolis, kule Marekani, nikamsimulia. Akaniambia kwao hicho ni kitu cha kila siku. Majira ya baridi barabara hufunikwa na barafu, hivyo humwagiwa chumvi, kwa sababu maji yenye chumvi hayagandi upesi. Baridi ikizidi nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inaanza kushindwa, wanachanganya na chumvi za aina nyingine. Yale maji yote hurushwa na magurudumu mpaka kwenye chasisi na mabomba ya breki, na chuma kikiloa maji ya chumvi, kutu hukimbia mbio. Kwa hiyo watu wa huko huosha gari mara kwa mara hata kwenye baridi. Wanasubiri saa za mchana, jua limepanda kidogo, wanaingia sehemu yenye maji yanayorushwa kutoka chini. Kisha wanafuta mipira ya milango, la sivyo milango inaganda na huingii garini. "Uchafu wa juu unaudhi macho tu, dada," akaniambia. "Wa chini ndio unaokula gari." Japani nako, sehemu za theluji nyingi kama Hokkaido na Aomori, hali ni hiyo hiyo. Na sisi magari yetu mengi yanatoka huko.

Basi, msomaji wangu, chukua haya niliyoyalipia kwa jasho la mwili mzima:

1. Ukitoka safari ya tope, anza na chini: ndani ya madigadi, nyuma ya ringi, kwenye chasisi. Tope la mbuga hushika unyevu kwa muda mrefu, na chini ya unyevu huo kutu inafanya kazi usiku na mchana. Lilowanishe lilainike, usilikwangue na kisu.

2. Vumbi usilifute kwa kitambaa kikavu. Ni mchanga ule, unachora rangi. Mwagia maji kwanza, tena usisahau vitundu vya kutolea maji chini ya milango.

3. Ziwa na mto siyo beseni. Osha mbali na ukingo.

4. Ukimaliza, endesha taratibu na ukanyage breki mara kadhaa zikauke. Halafu chungulia chini. Ukiona tone lolote usilolielewa, usisafiri.

5. Wa Dar, Tanga na Zanzibar, tuna chumvi yetu. Ukitembeza gari kwenye mchanga wa ufukweni, lioshe chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo.

6. Ukiagiza gari, usiridhike na picha za viti na taa. Omba picha za chini, uulize limetumika mkoa gani. Na likifika, rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu ikutie shaka kabla haijakufurahisha.

Tulikaa Musoma siku mbili zaidi mabomba yakibadilishwa. Tulizungumza na watoto, tukazungumza na fundi, sisi wenyewe tukawa tunapeana chumvi mezani tu. Siku ya tatu tukaondoka. Njiani nilikuwa nimejiandaa vizuri. Hotuba nilikuwa nayo kichwani, yenye vifungu kama sheria.

Tatizo ni kwamba safari ya kutoka Mara ni ndefu, na mtu ukikaa kimya kilomita zote hizo unaanza kujisikia mwenyewe. Mwaka mzima nilikuwa nachomoa kwenye hela yetu ya kiwanja kumlipia mdogo wangu ada ya chuo. Kila baba watoto alipouliza, nilimjibu hela ipo. Nami nilikuwa nimejiambia nitairudisha mwezi ujao.

Tulipoipita Singida, watoto wakiwa wamelala, nikamwambia. Kiasi chote, bila kupunguza.

Hakujibu mpaka tulipokaribia Manyoni. Akasema, "Ungeniambia, tungemlipia wote." Nikamjibu, "Na wewe ungeniambia, nisingewapandisha wanangu." Akakubali kwa kichwa. Tukaenda hivyo mpaka Dodoma, na kusema kweli sikumbuki kama kuna siku tumewahi kuwa na safari nzito kama ile, au ya kweli kama ile.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Kiwanja bado hatuna, na kuna siku nikisikia breki zinalia naangalia upande wa pili. Lakini sasa kila mwisho wa mwezi tunakaa mezani na daftari moja, kila mtu anafunua lake. Na Jumamosi yeye bado ana ndoo na redio yake. Mimi nashika mpira wa maji, nainama, naanza na chini.

Tukutane mwezi ujao.