FOMU YA AKIBA YA UZEENI IFIKE TULIA



Sisi ambao kwetu ni Tulia, pamoja na wenzetu wa Kitui na Makueni kwa jumla, tumezoea kufanya kazi mbali na nyumbani. Babu zetu walikwenda K.A.R., baba zetu wakaenda reli na polisi, na sisi tuko katika viwanda vya Nairobi, Athi River na Mombasa. Mshahara hupatikana huku, shamba liko kule. Na karatasi zote za mshahara hukaa huku, katika sanduku chini ya kitanda cha chumba cha kupanga. Hilo la mwisho ndilo tunalotaka kusema leo. Mtu akifa, mkewe hushuka katika stendi ya Machakos hapa Nairobi akiwa hajui hata namba ya mumewe ya N.S.S.F.

Tuanze na akiba yenyewe. N.S.S.F. ilianzishwa 1965, mwaka ule ule wa COTU. Kwa miaka mingi, mpaka Januari 2023, mfanyakazi alikatwa Sh. 200/- kwa mwezi na mwajiri akatoa Sh. 200/-. Pigeni hesabu wenyewe: aliyetoa hivyo kwa miaka 20 ana Sh. 96,000/-, na faida ya kila mwaka juu yake. Hiyo si fedha ya kulea uzee. Sheria mpya ilipitishwa 2013 ikakwama kortini karibu miaka kumi, na tangu Februari 2023 twakatwa asilimia 6, na mwajiri hutoa kiasi kile kile. Mwenye mshahara wa Sh. 20,000/- hutoa Sh. 1,200/-, na mwajiri Sh. 1,200/-.

Manung'uniko tumeyasikia, na twayaelewa, kwa sababu unga haungoji uzee. Lakini hatukubaliani na wale wasemao kwamba fedha hizo zimepotea. Ile Sh. 1,200/- ya mwajiri ni mshahara wetu pia, ila tutaulipwa baadaye. Tunalopaswa kupigania ni kwamba zifike. Mwajiri akikata halafu asipeleke, amevunja sheria, na kila mtu aitazame hesabu yake mara kwa mara asije akagundua mambo siku ya kustaafu.

Wengine husema, akiba yangu ni mbuzi na watoto. Waliokuwa Kitui wakati wa ukame wa 2022 wanajua mbuzi walivyokwisha, na watoto wetu wana watoto wao wa kusomesha. Serikali nayo hutoa Sh. 2,000/- kwa mwezi katika Inua Jamii kwa mzee aliyeandikishwa, lakini mpaka afike miaka 70. Kazi twaacha tukiwa na 60. Hiyo miaka kumi ya katikati mtu atakula nini?

Sasa tuje kwenye jina, maana hapo ndipo nyumba nyingi zinapoumia. Ulipoajiriwa ulikuwa kijana bila mke. Ukapewa fomu ukaulizwa, ukifa nani alipwe? Ukaandika mama yako, au ndugu yako mkubwa. Baadaye ukaoa, ukapata watoto, na fomu ile hukuigusa tena. Fedha za mfuko wa uzeeni hazigawanywi pamoja na shamba na ng'ombe. Hulipwa kwa kufuata kanuni za mfuko wenyewe, na karatasi ya kwanza kutazamwa ni hiyo yako. Chama cha akiba na mikopo nacho ni hivyo hivyo. Mjane akija na watoto wanne, atakuta jina la shemeji. Shemeji akiwa mtu mwema, vizuri. Asipokuwa, ndipo ugomvi wa miaka unapoanza, na sisi tumechanga mara nyingi kuwasomesha watoto ambao baba yao aliacha fedha.

Kuhusu wosia, wazee wetu huona kwamba kuuandika ni kukiita kifo. Desturi ni mzee kuwaita wanawe na kuwaambia kwa mdomo, huyu bonde lile, huyu upande wa mto. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu Julai 1981, huukubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili, lakini mzee awe amefariki ndani ya miezi mitatu. Akisema Januari na kufa Juni, maneno yake hayana nguvu kortini. Wosia ulioandikwa hauna muda huo. Si lazima wakili, wala muhuri. Andika kwa lugha uijuayo, utie sahihi, na mashahidi wawili watie zao. Lakini shahidi asiwe yule unayempa kitu, maana atakikosa. Ukioa baada ya kuuandika, wosia ule umekufa, andika mwingine.

Kuna jambo ambalo wanaume tunalinong'ona tu. Wapo wenye nyumba Tulia na nyumba nyingine mjini, na hizo nyumba mbili hukutana mara ya kwanza kaburini. Hatukuja kuhubiri. Twasema tu kwamba pasipo wosia, korti hugawa kwa kila nyumba kulingana na hesabu ya watoto, na kila mjane huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi. Binti naye huhesabiwa, ameolewa au hakuolewa. Mwenye kutaka vingine aseme akiwa hai, na asimsahau anayemtegemea, kwa kuwa korti yaweza kumpa fungu hata kama wosia umemwacha.

Familia ikienda kortini huko Kitui huombwa barua ya chifu yenye majina ya warithi, kisha tangazo hutolewa katika gazeti la Serikali na watu hungojwa siku 30 walete pingamizi. Mambo yakienda vizuri, miezi sita hupita kabla ya kugawanywa. Shamba likiwa bado kwa jina la babu, huanzwa na urithi wa babu kwanza. Na fedha ambazo hakuna aliyejua habari zake, baada ya miaka hupelekwa kwa U.F.A.A., mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kushika mali isiyodaiwa. Mrithi aweza kuzidai huko, lakini lazima ajue kwamba zilikuwako.

Kwa hiyo kamati imeamua hivi. Kabla ya likizo ya Desemba kila mwanachama apite kwa katibu wa tawi, aitazame fomu yake, aibadilishe ikibidi, achukue nakala aende nayo nyumbani amwonyeshe mkewe, au mumewe. Sisi wa kamati tulianza wiki iliyopita, tukiwa saba. Watatu kati yetu tuliyakuta majina ya mama zetu, na wawili kati ya mama hao ni marehemu.