Arusi ya Kale Haiazimwi

Katika nchi za Ulaya na Marekani umeenea mtindo wa maarusi kutaka siku yao ifanane na zama za kati. Bwana arusi huvaa joho na kujifunga upanga, bi arusi akavaa kanzu ndefu yenye mikono mipana, na wageni wakaalikwa katika ngome ya kukodi. Hilo si ovu. Mtu kupenda ya kale ni jambo la heshima. Lakini wengi wao, wakitafuta pa kuiga, hukimbilia sinema na maduka ya nguo za kukodi. Matokeo yake ni arusi isiyokuwa ya kale wala ya leo.

Anayetaka kujua arusi ya zama hizo ilikuwaje, na aende Landshut, mji wa Bavaria katika Ujerumani. Mwezi wa Novemba 1475, mtawala wa huko, Ludwig aliyeitwa Tajiri, alimwoza mwanawe Georg kwa Hedwig, binti wa mfalme wa Poland. Bi arusi alikuwa na umri wa miaka 18, akasafiri majuma mengi kutoka Krakow, katika baridi, kumwendea mume. Askofu mkuu wa Salzburg ndiye aliyewafungisha ndoa katika kanisa la Mtakatifu Martin, na Kaisari Friedrich wa Tatu alihudhuria, akacheza ngoma na bi arusi.

Karamu nayo haikuwa ya mchezo. Hesabu zilizohifadhiwa zataja kuku 40,000 na mayai 194,345. Wageni walikadiriwa kuwa kiasi cha 10,000. Tena, na hili ndilo la kutiwa maanani, wenyeji wa mji nao walilishwa kwa gharama ya mtawala. Maskini na tajiri walikula, na wote wakawa mashahidi wa ndoa ile.

Msomaji asidhani kwamba fahari ile ilinunua raha. Hedwig aliishi miaka mingi katika ngome ya Burghausen, mbali na kasri la Landshut, akafariki huko mwaka 1502. Georg alimfuata mwaka 1503. Hawakuacha mtoto wa kiume, na ugomvi wa urithi ukazaa vita vilivyochoma vijiji na kumalizika mwaka 1505. Kuku 40,000 hawakuweza kuizuia kudura. Basi anayekopa fedha ili aige fahari ya wafalme, na ajiulize anachokiiga ni nini hasa.

Arusi ile ingalisahaulika. Lakini katika miaka ya 1880 wachoraji waliichora katika kuta za ukumbi wa baraza la mji. Wenyeji wakaitazama, wakaingiwa na hamu, wakaunda chama, na mwaka 1903 wakaiigiza barabarani kwa mara ya kwanza. Siku hizi huifanya kila baada ya miaka minne. Mwaka 2021 iliahirishwa kwa ajili ya maradhi ya Korona, ikafanywa mwaka 2023. Washiriki hupita 2,000, nao ni watu wa mji wenyewe. Nywele za bandia haziruhusiwi: wanaume hufuga zao kwa miezi mingi. Nguo hushonwa kwa kufuata mifano ya karne ile.

Hapo ndipo penye somo. Watu wa Landshut hawakwenda kuazima ya wengine. Walitazama ukuta wao wenyewe, wakauliza babu zao walifanya nini, kisha wakataabika kulifanya sawasawa. Uzuri wa kazi yao umetokana na kujua.

Na sisi wa pwani je? Mwaka ule wa 1475, Gedi ulikuwa mji wenye nyumba za mawe, msikiti mkuu na vyombo vya kaure kutoka Uchina. Magofu yake yangaliko karibu na Watamu, na kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Zama za kati, kwa hiyo, hazikuwa za Wazungu peke yao. Hata baada yake tulikuwa na siwa zilizopulizwa katika arusi za wakuu. Ile ya pembe ya ndovu ya Pate imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu. Tuna vugo, tuna kesha, tuna somo wa kumfunda mwari. Kijana wetu atakaye arusi ya kale na aanze kwa bibi yake, amwulize iliimbwaje, ilipikwaje, na nani alialikwa. Bibi huyo hatakuwapo daima, na akiondoka ataondoka na jibu.

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Atakaye kuvaa joho la Ulaya na alivae, hatumzuii. Ila ajue kwamba nguo hukodiwa kwa siku moja, na kesho yake hurudishwa kwa mwenyewe. Kinachobaki ni kuwalisha jirani, kuwaweka watu mashahidi, na kuishi vyema na yule uliyemwoa. Hayo hayauzwi dukani, na hayo ndiyo ya kale yanayostahili kuigwa.